SHA au bima ya kibinafsi? Jua haya kabla ya kulipa

Wakenya wengi walioajiriwa huuliza: kama tayari nakatwa pesa za SHA kila mwezi, ya nini tena kununua bima ya kibinafsi? Wenye bima ya kibinafsi nao huuliza kwa nini bado wanakatwa.

Ukweli ni kwamba bima hizi mbili hupanga bei kwa njia tofauti kabisa.

SHA huangalia mfuko wako

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Anayepata Sh40,000 hulipa Sh1,100; wa Sh100,000 hulipa Sh2,750. Hakuna kiwango cha juu, lakini cha chini ni Sh300 kwa mwezi.

Fundi, mama mboga au mtu wa boda hukadiriwa mapato ya nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima.

Uwe na miaka 25 au 70, mzima au mgonjwa wa kisukari, kiwango hakibadiliki kwa sababu ya afya yako. Mchango huo pia humfunika mwenzi wako na watoto. Wazazi wako hawamo, wanajisajili wenyewe.

Bima ya kibinafsi huangalia mwili wako

Hapa bei hutegemea umri, idadi ya watu na kiasi unachotaka kufunikwa. Kijana hulipa kidogo, mzee hulipa zaidi, na kampuni nyingi huweka umri wa mwisho wa kujiunga.

Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga unaweza kukataliwa, kuwekewa kikomo au kusubirishwa. Uzazi nao huwa na miezi ya kusubiri, kwa hivyo ukinunua ukiwa tayari na mimba umechelewa.

Tofauti utaziona wapi?

- Matibabu ya kawaida: SHA hukupa huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Bima ya kibinafsi hukufungulia hospitali na kliniki zilizo kwenye orodha yake.
- Kujifungua: SHA hulipa Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Bili ikizidi hapo katika hospitali ya kibinafsi, hiyo ni yako.
- Kikomo: Bima ya kibinafsi ina kiasi cha mwaka. Kikiisha Agosti, hadi mwaka wa bima uishe unajilipia.

Basi uchague ipi?

Kwa aliyeajiriwa, SHA si hiari. Swali ni kama utaongeza nyingine juu yake. Kama pesa hazitoshi zote mbili, lipia SHA kwanza, hasa ukiwa na mgonjwa wa muda mrefu nyumbani. Kama zinatosha, nunua ya kibinafsi mapema, ungali mzima.

Na usiache kulipa SHA eti kwa sababu una kadi ya kampuni. Kazi ikiisha, kadi hiyo kwa kawaida huondoka nayo.

Kabla ya kutia sahihi bima yoyote ya kibinafsi, uliza mambo matatu: nasubiri muda gani, ni magonjwa gani hayamo, na hospitali iliyo karibu nami imo kwenye orodha? Kujisajili SHA, piga *147#.