Mzee mmoja, majina mawili: kazi ya gishe ya pansio Kindu

Kuko kazi moja watu wa Kindu wanaisema vibaya sana: kukaa ku gishe ya INSS, yenye leo inaitwa CNSS. "Wale wanakula feza ya wazee." Pengine kuko wenye walikula. Lakini tuangalie kwanza ile kazi yenyewe ilikuwa namna gani.

Pansio ya mfanyakazi Mkongomani ilianza na dekre ya Wabelgiji ya 1956, miaka ine tu mbele ya uhuru. Tarehe 29/6/1961 serikali ikaunganisha pansio, malipo ya ajali ya kazi na posho ya watoto, njo INSS ikazaliwa. Muajiri analipa michango kila mwezi. Mtu akizeeka, anakuja na dosye yake.

Na pale ku dosye njo shida. Kazi kubwa ya ajenti haikuwa kuhesabu feza, ilikuwa kutafuta mtu mu makaratasi. Mzee alifanya kazi ya reli kwa CFL. 1974 CFL ikamezwa mu SNCZ. Mwenzake alichimba kasiterite kule Kalima kwa Symétain. 1976 ikaingia mu Sominki, na Sominki nayo ikafungwa 1997. Utaenda kuomba atestasio kwa nani?

Tena kuko majina. 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo. Mtu aliandikwa Joseph mu 1958, anakuja kuomba pansio na jina la babu yake. Ajenti njo anapaswa kuamua kama Joseph na huyu mzee ni mtu mmoja. Akikosa kuamini, mzee anarudi mikono mitupu. Akiamini ovyo, analipa mwizi. Kwa mjane ni mbaya zaidi, sababu mwenye jina hayuko tena wa kujibu.

Halafu feza. 1993, zaïre 3.000.000 zikawa nouveau zaïre 1. 1998, nouveau zaïre 100.000 zikawa franka 1. Piga hesabu: franka moja ya Kongo ni zaïre 300.000.000.000 za zamani! Waziri hakuja Kindu kumuelezea mzee ile hesabu. Aliielezea ajenti, na mshahara wake yeye pia ulikuwa wa feza ileile.

Oktoba 1998 RCD ikakamata Kindu, na dosye yenye ilingojea jibu la Kinshasa ikabaki ngambo ingine ya vita.

Mwalimu wa serikali naye alikuja kupanga mstari, kumbe hakuwa wa INSS hata siku moja. Kesi yake ilikuwa ya Serikali yenyewe. Kesi ya aina hiyo ilipata kaisi yake, CNSSAP, mu 2015 tu. INSS ikageuka CNSS mu 2018, kisha sheria ya Julai 2016.

Wenye wako na karte ya kazi ya baba ao babu, ya CFL ao ya Symétain, mutuandikie: iko jina gani juu yake, na kama alipata kulipwa.