Kenya: Msitu wa Karura, matembezi mepesi ndani ya jiji la Nairobi

Kilomita chache kaskazini mwa katikati ya Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, uko msitu wa hifadhi wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000. Ni Msitu wa Karura, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Wasafiri wengi kutoka nchi jirani hufika Nairobi kwa biashara, matibabu, masomo au kutembelea jamaa, wakarudi makwao bila kujua kuwa jiji hilo lina mahali ambapo mtu aweza kutembea nusu siku chini ya kivuli cha miti.

Karura si mlima wa kupanda wala mbuga inayohitaji gari. Ardhi yake ina miinuko midogo na mabonde ya mito, na njia zake, zenye urefu wa jumla wa makumi ya kilomita, ni za udongo mwekundu uliokanyagwa ukashikana. Kwenye njia panda husimikwa vibao vyenye namba, na namba hizo zimo pia kwenye ramani ya msitu. Mgeni akiijua namba ya kibao alichokifikia, hawezi kupotea kwa muda mrefu.

Njia za kuanzia

Njia ipendwayo zaidi ni ile iendayo kwenye maporomoko ya maji ya Mto Karura. Maji huanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, na kando ya mto huo kuna vichaka vya mianzi ambamo hewa ni baridi hata saa sita mchana. Karibu na hapo yamo mapango ambayo, kwa mujibu wa historia ya eneo hilo, wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho katika miaka ya 1950. Ngazi za kuteremkia mtoni zina mwinuko, hivyo mzee au mtoto mdogo hana budi kushikwa mkono. Sehemu nyingine ya njia hiyo haina ugumu.

Kwa asiyetaka kuteremka bondeni, kuna njia za tambarare zinazopita kwenye kidimbwi cha mayungiyungi, ambako ndege wa majini huonekana, hasa asubuhi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Barabara ya Limuru, iko sehemu iitwayo Sigiria, ambayo kwa kawaida huwa na watu wachache zaidi. Waendesha baiskeli nao huruhusiwa katika njia nyingi, kwa hiyo mtembeaji hushauriwa kukaa upande mmoja wa njia na kuwaangalia watoto wake.

Miti na wanyama

Sehemu ya msitu ni miti ya kupandwa, hasa mikaratusi. Katika enzi za ukoloni, mashamba ya miti ya aina hiyo yalitoa kuni za kuendeshea garimoshi. Sehemu nyingine ni msitu wa asili, wenye miti kama muhugu, ambao mbao zake ngumu zinajulikana sana na wachonga vinyago. Mikaratusi hunywa maji mengi na chini yake huota mimea michache. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuiondoa kidogo kidogo na kupanda miti ya asili imekuwa ikiendelea kwa miaka kadhaa.

Hakuna simba wala tembo. Wanyama wanaoonekana ni kima, pongo, paa wadogo na, kwa mwenye bahati, hondohondo juu ya matawi. Mbega weupe walirejeshwa Karura kuanzia mwaka 2014, wakihamishwa kutoka eneo la Kipipiri ambako makazi yao yalikuwa yakiharibiwa. Kuwalisha kima kumekatazwa, kwa kuwa mnyama aliyezoea chakula cha binadamu huishia kukipora.

Msitu ulioponea chupuchupu

Kwamba msitu huu bado upo si jambo la kawaida. Mwaka 1998 ilibainika kuwa sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya kujenga majumba. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, aliongoza upinzani. Tarehe 8 Januari 1999 alifika msituni pamoja na wenzake ili kupanda mti, wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata.

Hata baada ya ushindi huo, kwa miaka mingi wakazi wa Nairobi waliiogopa Karura kwa sababu ya majambazi. Hali ilibadilika baada ya chama cha jamii, Friends of Karura Forest, kuanza kuusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliyowapa wananchi nafasi katika usimamizi. Uzio wa umeme ulijengwa, na vijana wa mtaa jirani wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi wa msitu.

Mabishano hayajaisha. Mwaka 2025 shirika hilo na chama hicho walifikishana mahakamani kuhusu njia ya kukusanya ada za kiingilio, na mpango wa kutumia ukanda wa msitu kupanua barabara ukazusha malalamiko mapya. Kiini cha swali ni kilekile cha mwaka 1999: ardhi ya umma ni ya nani, na nani anayeamua juu yake.

Mambo ya kuzingatia

Ada hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, hivyo kitambulisho au pasipoti ni muhimu. Malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, na ni vema kuuliza kiwango kabla ya kuondoka nyumbani. Tangu Juni 2020, plastiki zinazotumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya, misitu ikiwemo. Maji yabebwe katika chupa ya kutumika tena.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, njia huteleza, na viatu vyenye soli za kushika ardhi vinahitajika. Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi na mawingu. Wakati mzuri zaidi ni saa moja hadi saa nne asubuhi, na mgeni anapaswa kuwa amefika langoni kabla jua halijatua.