Shati la ofisini: jinsi ya kupata linalokukaa vizuri bila kumaliza mshahara

Barua ya ajira imetoka Ijumaa, kazi inaanza Jumatatu, na mshahara wa kwanza uko mwezi mzima mbele. Kwa vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, hapo ndipo shati la ofisini linapogeuka kuwa hesabu ngumu. Madukani bei inatisha, na sokoni nguo ni nyingi lakini hujui ipi ni yako. Makala haya yanaeleza shati linapimwaje, kipi fundi anaweza kurekebisha na kipi hawezi, na namna ya kuchagua kati ya mtumba, shati jipya na shati la kushonesha.

Kwa nini shati lina uzito

Kanuni za mavazi kazini si jambo la mdomo tu. Tanzania ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma mwaka 2007. Nchini Kenya, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, akakumbusha kuwa vazi rasmi la mwanamume humo ni koti, kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Ofisi nyingi za kawaida hazidai koti wala tai, hasa kwenye joto la pwani. Lakini shati lenye kola linabaki pale pale. Koti likivuliwa, shati ndilo linaloonekana kutwa nzima.

Shati linalokukaa vibaya humsumbua aliyelivaa kuliko anayelitazama. Kola ikibana, unafungua kifungo cha juu kila dakika. Mabega yakianguka, unaonekana umeazima. Mgongo ukiwa mpana, shati linatoka kwenye suruali kila unapoinuka kitini.

Mashati yanatoka wapi

Afrika Mashariki ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo. Kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza, Musoma, Kisumu na Eldoret nako kulikuwa na viwanda. Masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, vingi vilishindwa kushindana na nguo za kutoka nje, mpya na zilizovaliwa. Pamba inaendelea kulimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, lakini sehemu kubwa husafirishwa ikiwa ghafi.

Pengo hilo lilizibwa na mitumba. Jina lenyewe linatokana na marobota ambayo nguo hizo hufungwa kabla ya kusafirishwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua hadi kuiondoa. Rwanda ilipandisha ushuru hadi dola 2.5 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Kenya ilizuia mitumba Machi 2020 kwa sababu ya virusi vya corona, kisha ikairuhusu tena Agosti mwaka huo. Kwa hiyo Karume, Gikomba na Owino bado ni sehemu za kwanza ambazo mfanyakazi mwenye kipato kidogo hutafuta shati.

Jipime kabla ya kwenda sokoni

Kosa la kawaida ni kununua kwa herufi: M, L au XL. Herufi hizo hazina kipimo kimoja duniani. L ya kiwanda kimoja inaweza kuwa M ya kingine. Tafuta futikamba, mwombe mtu akupime, uandike namba hizi kwenye simu yako.

Shingo: zungusha futikamba pale kola inapokaa, ukiacha nafasi ya kidole kimoja ndani.

Bega: pima mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ncha ya bega la pili.

Mkono: anzia katikati ya shingo nyuma, pita juu ya bega, shuka hadi kwenye kifundo cha mkono huku kiwiko kimekunjwa kidogo.

Kifua: zungusha chini ya kwapa, kwenye sehemu pana zaidi, bila kuvuta pumzi.

Namba hizo zitakusaidia kusoma lebo. Mashati ya Marekani mara nyingi huwa na namba mbili za inchi, kwa mfano 16 na 34/35. Ya kwanza ni shingo, ya pili ni urefu wa mkono. Mashati ya Ulaya huandika shingo kwa sentimita. Inchi 15 ni sawa na 38, inchi 15 na nusu ni 39, inchi 16 ni karibu 41, na 16 na nusu ni 42. Mashati kutoka China huweza kuandikwa 175/92A. Hapo 175 ni urefu wa mtu na 92 ni kifua, vyote kwa sentimita.

Kipi kinarekebishika

Hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea. Fundi mzuri anaweza kupunguza mbavu za shati, kulifupisha chini, kufupisha mikono, kubadilisha vifungo vyote, na kushona mikunjo miwili mgongoni ili kitambaa kisipepee. Kazi hizi ni za muda mfupi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya shati jipya.

Mabega ni jambo jingine. Kuyapunguza ni kufumua mikono yote miwili, kukata upya na kuirudishia. Fundi wengi watakukatalia, na atakayekubali atakutoza sana. Kola iliyo ndogo nayo haina dawa, kwa sababu hakuna kitambaa cha kuongeza. Shati fupi halirefushwi, na mikono mifupi hairefuki.

Kanuni inayotokana na hayo ni rahisi: chagua shati kwa bega na shingo, mengine mwachie fundi. Mshono wa bega ukae juu ya ncha ya mfupa, usishuke mkononi. Ukifunga kifungo cha juu, kidole kimoja kipite bila shida. Kisha nyoosha mikono mbele kama unayeshika usukani. Mgongo ukikaza au vifungo vya kifuani vikiachana, liache. Mwisho, keti. Shati likitoka lote kwenye suruali, ni fupi.

Kwa wanawake mtego uko kifuani. Shati linaweza kukaa sawa mabegani likaacha mwanya kati ya vifungo viwili. Nunua linalotosha kifua, kiuno kipunguzwe na fundi. Ukiwa kwenye rundo lililochanganyika, angalia upande wa vifungo: mashati ya kiume huwa na vifungo kulia kwa anayevaa, ya kike kushoto.

Kukagua mtumba

Wauzaji hupanga nguo kwa daraja robota linapofunguliwa. Zile bora kabisa, ambazo Nairobi huitwa kamera, huondoka mapema na kwa bei ya juu. Anayefika asubuhi siku ya kufungua mzigo hupata chaguo. Anayefika jioni hupata bei. Ukishajua kipimo chako na unajua kukagua, hata rundo la jioni lina shati lako.

Anza na kola. Ikunjue, utazame mkunjo wa juu, pale inaposugua shingo. Uzi ukianza kuchomoza, shati halina muda mrefu, ingawa mafundi wa zamani wanajua kufumua kola na kuigeuza ili upande uliochakaa ufichwe. Kisha tazama kwapa. Doa la njano lililokauka humo mara nyingi halitoki. Inua shati kwenye mwanga uone kama kuna matundu au sehemu zilizokonda, hasa viwikoni. Hesabu vifungo, na uangalie ndani ya shati chini, ambapo viwanda vingi hushona vifungo vya akiba. Vuta mishono ya mbavu polepole uone kama inafunguka.

Ukifika nyumbani, lifue kwa maji ya moto yanayostahimiliwa na kitambaa, ulianike, ulipige pasi kabla ya kulivaa. Lilikuwa limefungwa robotani kwa miezi, tena na dawa au vumbi.

Pamba au polyesta

Pamba hupitisha hewa na kunyonya jasho, hivyo inafaa Mombasa, Dar es Salaam au Kigoma. Ubaya wake ni mikunjo, na shati jipya la pamba tupu huweza kurudi kidogo linapofuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo likibana dukani, litabana zaidi baadaye. Polyesta haikunjiki na hukauka haraka, lakini hushika joto na harufu ya jasho. Mchanganyiko wenye pamba nyingi ni suluhisho la kati kwa asiye na muda wa pasi kila asubuhi.

Lebo ikiwa imekatwa, omba uzi mmoja kutoka mshono wa ndani ukauchome kando, mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polyesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Kiache kipoe kabla ya kukigusa.

Hesabu ya kweli ni ya kila siku

Bei ya dukani ni nusu tu ya habari. Tuchukulie mfano: shati la shilingi 12,000 za Tanzania lisilokukaa vizuri, ukalivaa mara 12 kisha likabaki kabatini. Kila siku ya kulivaa imekugharimu shilingi 1,000. Shati jingine la 30,000, ukamlipa fundi 5,000 alipunguze, ukalivaa mara 70, limekugharimu shilingi 500 kwa siku. La bei kubwa limekuwa rahisi.

Hesabu hiyo hiyo huweza kuutetea mtumba: shati la pamba lililoshonwa vizuri likapatikana kwa bei ndogo, pamoja na kazi ya fundi, mara nyingi hulishinda shati jipya la bei sawa. Kushonesha kunafaa zaidi kwa mwenye mwili usiopatikana kwenye vipimo vya kiwandani: mrefu mwembamba, mwenye shingo nene, au mwenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mpelekee fundi shati lako linalokukaa vizuri kama mfano. Kifue kitambaa kabla hakijakatwa, ili kikirudi kirudi mapema. Anza na shati moja. Likikupendeza, agiza mengine kwa vipimo hivyo hivyo, na uombe avihifadhi kwenye daftari lake.

Wa kuanza kazi hahitaji mashati kumi. Matatu yanatosha wiki nzima ukifua katikati ya wiki: jeupe moja, la bluu mpauko moja, na moja lenye mistari myembamba. Yote matatu huenda na suruali nyeusi, kijivu au ya bluu iliyoiva.

Lidumu

Kola na ncha za mikono huchakaa kwanza kwa sababu hubeba jasho na uchafu. Zipake sabuni ya mche na uziache dakika chache kabla ya kufua, usizisugue kwa brashi ngumu. Fungua vifungo vyote kabla ya kufua. Mashati ya rangi yaanike kivulini, yamegeuzwa ndani nje. Kwa pasi ya mkaa, kung'uta majivu nje na uijaribu kwanza juu ya kitambaa kikuukuu, kwa kuwa polyesta huyeyuka kwa moto ambao pamba huuvumilia. Usivae shati moja siku mbili mfululizo.

Na kifungo kikilegea, kishone jioni hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.