Panya Wanene wa Bar Harbor

Mtu mnene akiketi kula, watu hunong'ona, "Mlafi yule!" Neno hilo mara nyingi si la haki, na habari za panya wachache zitawaonyesha kwa nini.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, Marekani, alionekana panya mnene ajabu. Wenzake wakishiba huacha kula, yeye haachi. Panya wa namna yake huweza kufikia uzito wa panya watatu. Mwaka 1966 ukapatikana ukoo mwingine, wanene vilevile, tena wana kisukari.

Bwana Douglas Coleman, mzaliwa wa Kanada, akafanya jambo la kutisha kidogo. Aliwashona panya wawili wawili, ubavu kwa ubavu, hata damu zao zikachanganyika. Mnene wa ukoo wa kwanza aliposhonwa na panya wa kawaida, alipunguza kula, akakonda. Lakini panya wa kawaida aliposhonwa na yule mwenye kisukari, aliacha kula hata akafa kwa njaa, na chakula kipo! Coleman akafikiri hivi: mnene wa kwanza hana tarishi wa kuupelekea ubongo habari ya shibe, wa pili anaye, tena tele, ila ubongo wake haumsikii. Wengi hawakumwamini.

Mwaka 1994, huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake walimpata tarishi huyo. Aliitwa leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "embamba". Tarishi asafiriye hivi katika damu huitwa homoni. Na leptini hutoka wapi? Katika mafuta yenyewe, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ghala tu!

Je, sisi watu? Wasio na leptini ni wachache sana. Wanene walio wengi wanayo tele, lakini ubongo umekuwa kiziwi, kama wa yule panya wa pili. Insulini nayo, homoni isaidiayo sukari kuingia katika misuli, haitiiwi vema mafuta yakijaa tumboni. Kongosho hutoa zaidi na zaidi, mwisho huchoka. Sukari hubaki katika damu na kuharibu mishipa. Figo huzuia chumvi, shinikizo la damu hupanda, na moyo husukuma mzigo huo usiku na mchana. Hayo yote huweza kutokea bila maumivu yoyote, ndiyo sababu daktari humpima hata mtu asemaye hajambo.