Mzani, Msalaba na Watu Kumi: Udanganyifu katika Hadithi ya Conrad ya Kongo

Hadithi fupi ya Joseph Conrad, “An Outpost of Progress”, iliyotoka mwaka 1897, husomwa zaidi kama kisa cha Wazungu wawili waliojidanganya wenyewe hadi wakaangamia. Usomaji huo si wa uongo, ila umewasahau waliodanganywa. Hoja yangu ni kwamba hila ya hadithi hii inaanzia kwenye mkataba wa kazi, na kwamba alama zake kubwa hazifunguki mpaka tuwaangalie kwanza watu kumi waliouzwa.

Kayerts na Carlier wameachwa peke yao kwenye kituo cha biashara kando ya mto, katika Kongo ya Mfalme Leopold II. Daftari liko mikononi mwa Makola, karani kutoka Sierra Leone. Siku moja wanafika wafanyabiashara wenye bunduki. Makola anamdokezea Kayerts kwamba kituo kiko katika hali mbaya, na kwamba Mkurugenzi wa Kampuni inayomiliki kituo akiona pembe za kutosha hatasema neno. Kisha wafanyakazi kumi wa kituo wananyweshwa pombe ya mchikichi. Kunapokucha hawapo, na badala yao kuna pembe sita za ndovu.

Ni rahisi kumwona Makola kuwa ndiye mlaghai, nao Wazungu kuwa ndio waliolaghaiwa. Tuutazame mzani. Makola anahangaika peke yake kuzipima pembe zile, huku mabwana wamekasirika na wamesema kwamba utumwa ni jambo la kuchukiza. Hasira yao haidumu. Carlier anajitolea kumsaidia kuingiza pembe ghalani, na Kayerts anatoa hoja kwamba kwa kuwa watu walikuwa wa Kampuni, pembe nazo ni za Kampuni. Mchana wanakula wakashiba. Kila wakilitaja jina la Makola wanaongeza tusi, na dhamiri inapata nafuu. Watu hawa hawakudanganywa: walichokitaka ni mtu wa kuubeba uchafu ili wao wabaki safi, na Makola aliifanya kazi hiyo bila kuficha kitu chochote ambacho wangependa kukijua.

Waliodanganywa ni wale kumi. Tena pombe ilikuja mwisho tu. Conrad anaeleza, kwa sentensi moja iliyopita haraka, kwamba walikuwa wameajiriwa kwa miezi 6 lakini walikuwa wamekwisha kutumikia zaidi ya miaka 2. Huo ndio ulaghai mama. Mtu ambaye muda wake wa kazi umerefushwa bila kuulizwa amekwisha kuuzwa kabla mfanyabiashara hajafika. Makola alibadilisha mnunuzi tu.

Msalaba nao unasomeka vizuri zaidi kwa njia hii. Umesimama juu ya kaburi la mkuu wa kwanza wa kituo. Carlier anaukuta umeinama, anausimika upya, kisha anaukamata kwa mikono miwili na kuning'inia ili kuona kama utahimili. Mwishoni, baada ya kumpiga risasi Carlier, asiye na silaha, kufuatia ugomvi wa sukari, Kayerts anajinyonga juu ya msalaba huohuo. Basi alama ya imani ilipimwa kwa uzito wa mwili, kama pembe zilivyopimwa kwenye mzani, na ikaonekana inafaa kazi.

Msomaji wa Opala, kando ya mto Lomami nchini Kongo, ana namna nyingine ya kumtazama mtu huyo aliyening'inia. Mwaka 1890 Conrad alipita kwa meli *Roi des Belges* kwenye mlango wa Lomami, pale Isangi, akielekea Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Juu ya Lomami hiyo, katika eneo la Opala, Wambole walikuwa na chama cha Lilwa na sanamu zake za mbao ziitwazo ofika: mabega yameshuka, mikono imelegea, magoti yamekunjika. Ni watu walionyongwa kwa kuvunja sheria. Vijana waliokuwa wakiingizwa katika Lilwa walionyeshwa sanamu hizo na kuelezwa kosa la kila mmoja. Sidai kwamba Conrad alizijua. Nadai kwamba ofika inatupa swali ambalo hadithi yake hailiulizi: huyu amenyongwa kwa kosa gani, na nani amelitamka?

Kayerts anajihukumu kwa kifo cha Carlier. Kwa ajili ya wale kumi hakuna shtaka linalosomwa. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kuhusu *Heart of Darkness*, alilalamika kwamba Conrad huifanya Afrika mandhari tu ya kuporomokea Mzungu, na lawama hiyo inafika hapa pia: wafanyakazi hao hawana majina, na wakishatoka kituoni hadithi haiwafuati. Hata hivyo Conrad aliutaja muda wa mkataba wao, na bila taarifa hiyo tusingejua kwamba wizi ulianza kabla ya pombe, kwenye ofisi ya Kampuni.