Daftari la Abiria, Keroka

Nilikata tiketi za basi hapa Keroka kuanzia 1995 hadi 2018. Mji wetu uko mpakani, sehemu yake Kisii na sehemu Nyamira, na barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii inaupasua katikati. Krismasi ilinifikia kwa njia ya mizigo. Kuanzia tarehe 20 Desemba mabasi ya Nairobi yalishusha magodoro, mabeseni na mikate iliyobondeka, na soko likafurika mpaka barabarani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama msongamano ule una hatari. Msongamano ndio uliokuwa sikukuu yenyewe.

Mabomu tuliyasikia redioni. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, Hoteli ya Norfolk jijini Nairobi ililipuliwa watu wakiusubiri mwaka mpya, wakafa wapatao 20. Wazee walisema ni kisasi cha Entebbe, maana Kenya iliwasaidia Waisraeli waliokwenda kuwaokoa mateka huko Uganda mwaka 1976. Nilikuwa mtoto. Baba alisema ile ni hoteli ya wageni, akazima redio akaenda kukamua ng'ombe.

Tarehe 7 Agosti 1998 hakuna aliyezima redio. Lori lenye bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, wakafa watu zaidi ya 200 Nairobi, karibu wote Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Boma gani huku Gusii halina mtu Nairobi? Foleni ya simu ilikuwa ndefu mchana kutwa. Desemba ya mwaka ule akina mama walinipa barua niwape madereva, na ujumbe ulikuwa mmoja: nunua vitu mapema, usizunguke mjini, panda basi uje.

Lakini hata basi lina pa kupandia. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na tarehe 10 Machi 2012 maguruneti yakarushwa kwenye kituo cha Machakos Country Bus jijini Nairobi, katikati ya watu wanaosafiri kwenda mashambani. Hapo ndipo desturi ilipobadilika, na mimi niliiona ikibadilika kwenye daftari. Zamani familia moja ilichukua viti vinne au vitano vya kufuatana, kwa jina moja la baba. Desemba ile majina yakaanza kutengana: baba tarehe 18, mama na mdogo tarehe 20, wakubwa tarehe 22 na basi jingine. Nilipomuuliza mzee mmoja kwa nini anajisumbua hivyo, aliniambia hawezi kuweka mayai yote kwenye kikapu kimoja kisha akamkabidhi mtu asiyemjua. Sikuwa na la kumjibu.

Ukaguzi nao ukaja. Nairobi walikuwa na kile kifaa kinacholia kikikaribia chuma. Sisi tulikuwa na mikono tu. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa akimpelekea mjukuu wake mayai, ameyafukia kwenye ndoo ya unga wa wimbi yasivunjike. Makanga akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka, ulikuwa umekuwa mwekundu wa wimbi, na bibi alikuwa analia. Alisema hajawahi kuitwa mwizi. Tulimweleza kwamba hatutafuti mwizi, tunatafuta bomu, naye akalia zaidi.

Niseme jambo ambalo bado linaniuma. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Agosti 2013 basi lilianguka Ntulele, karibu na Narok, kwenye njia ile ile wanayopita watu wetu, wakafa 41. Wiki tatu baadaye likaja shambulio la Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, wakafa 67. Krismasi ile abiria wengi waliniuliza kuhusu Westgate, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Aliyeniuliza kama dereva wangu amelala vya kutosha alikuwa mmoja. Mauaji yana mtu wa kumchukia, ajali haina, basi nadhani ndiyo sababu tunaisahau upesi.

Tarehe 22 Novemba 2014, wakati shule zimefungwa, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa, wakauawa abiria 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Nchi nzima ilituma walimu kaskazini, na huku kwetu walimu tunao wengi kuliko kazi. Mama mmoja alikuja kibandani siku tatu mfululizo, akakaa kwenye kreti ya soda bila kuniuliza lolote. Mwanawe alifundisha huko, na simu yake haikupatikana. Siku ya tatu kijana akashuka. Alikuwa ametangulia wiki moja, amekwama Garissa akiuguza homa. Mama hakupiga ukelele. Alimshika kifundo cha mkono, kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akavuka naye hivyo hivyo, mwanamume wa miaka thelathini mwenye ndevu.

Januari shule zilipofunguliwa, walimu wengi walikataa kurudi kule. Nilimwekea yule kijana kiti cha dirishani, namba 7, kwa mazoea, maana ndicho alichokipenda. Basi liliondoka kiti kikiwa kitupu.