Dereva Hakuwa kwenye Sanduku

Dereva wangu wa kwanza nilimpaka uso rangi ya waridi, kwa sababu ndivyo picha ya kwenye sanduku ilivyoonyesha. Angesimama angefika sentimita tatu, lakini huyu ameketi, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilikuwa nimeenda Kangundo kumwona nyanya, na lori lenyewe nikalibeba ndani ya boksi la viatu ili nimalizie turubali lake huko. Nyanya akalichukua, akalisogeza karibu na macho.

"Hii ni gari gani?"

"Lori la jeshi, nyanya. La 1941. Kama lile la baba yako."

Akalitazama tena, sasa kwa muda mrefu zaidi.

"Na huyu mzungu anafanya nini kwa usukani wa baba?"

Sikuwa na jibu.

Nieleze kidogo. Mimi na marafiki watatu hucheza vita mezani. Jumamosi jioni tunatandika kitambaa cha kaki juu ya meza ya kulia chakula, tunamwaga mchanga tuliouchekecha wenyewe, kisha tunasogeza vijigari kwa rula na kurusha dadu. Vita tunavyovipenda ni vya jangwani: Libya na Misri, 1940 hadi 1943. Vijigari vya kununua vinatoka nje na bei yake ni ya kulia, kwa hivyo vingi tunaviunda. Gari la kuchezea la mtoto, kutoka kwa marundo ya mitumba Gikomba, linakatwa kabati. Kadi ya benki iliyoisha muda inakuwa bamba la chuma. Kijiti cha mshikaki kinakuwa mtutu wa mzinga. Tishu iliyoloweshwa kwa gundi nyeupe ikikauka, ni turubali kabisa.

Zamani nilidhani huu ni ujanja wa watu wasio na pesa. Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba wale wanajeshi wenyewe walikuwa mafundi wa jua kali. Chukua gari la deraya linaloitwa Marmon-Herrington. Jina ni la kampuni ya Indianapolis, Marekani, iliyouza vifaa vya kugeuza lori la kawaida liendeshwe kwa magurudumu yote manne. Chasisi ilikuwa ya Ford. Bodi ya chuma iliundiwa Afrika Kusini. Lilipofika Libya, askari waliona silaha zake ni hafifu, wakazing'oa na kufunga mizinga waliyowanyang'anya Waitaliano, kama Breda ya milimita 20. Kikosi cha doria za mbali kilichoanzishwa na Ralph Bagnold mwaka 1940 nacho kilichukua malori ya Chevrolet, kikatoa milango na paa, kikafunga dira ya jua, na kuunganisha rejeta na kopo la kunasia mvuke ili maji yasipotee.

Halafu kuna debe. Ndiyo, debe hili letu la kupimia mahindi. Waingereza walisafirisha petroli jangwani kwa madebe ya galoni nne, ya bati jembamba lililovuja ovyo. Likiisha mafuta, askari alilikata, akajaza mchanga, akamwagia petroli na kuchemshia chai. Kabla ya vita vya El Alamein, Oktoba 1942, madebe matupu yalipangwa kwa safu ndefu yaonekane kutoka angani kama bomba la maji, ili Wajerumani wadhani shambulio litatoka kusini. Bomba lenyewe halikuwepo.

Kwa kipimo chetu cha 1 kwa 56, debe moja lina urefu wa milimita sita hivi. Vipande vya kadi tano vikibandikwa pamoja vinatoa unene wa karibu milimita nne, ambao unatosha. Nimeyakata mengi mpaka vidole vikaota sugu.

Lakini swali la nyanya halikuhusu madebe.

Baba yake alikuwa dereva katika kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki. Hakufika Libya. Jangwa lake lilikuwa hapa karibu, ile nchi kame iliyo ng'ambo ya Mto Tana. Italia ilitangaza vita Juni 1940 na mwezi uliofuata ikaichukua Moyale. Mapema 1941 jeshi la Jenerali Alan Cunningham likaondoka Kenya kuelekea Somalia. Kismayu ilianguka 14 Februari, Mogadishu 25 Februari, Harar 26 Machi, na 6 Aprili wakaingia Addis Ababa. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa takriban miezi miwili. Walikuwemo King's African Rifles, Wanigeria, watu wa Gold Coast na Waafrika Kusini na yale magari yao ya deraya. Nyuma yao wote kulikuwa na malori, moja baada ya jingine kwenye vumbi, yamebeba maji, petroli, chakula na risasi. Mogadishu walikuta akiba ya petroli ya Waitaliano, galoni zipatazo 350,000, na bila hiyo sijui mwendo ule ungeendeleaje.

Nyanya anasema baba yake hakuzungumzia mapigano. Alizungumzia maji. Alikuwa na msemo wake: maji ya rejeta kwanza, ya dereva baadaye. Hata uzeeni alinawa uso kwa kikombe kimoja, na aliyemwaga maji uani alikaripiwa.

Niliporudi Nairobi nilifungua kitabu chetu cha sheria za mchezo. Gari la deraya lina pointi. Mzinga una pointi. Lori? Sufuri. Lipo tu ili adui apate kitu cha kulipua. Nikawaambia wenzangu tubadilishe: kila baada ya zamu mbili, gari la deraya lisilofikiwa na lori linasimama hapo lilipo.

"Manze, utaua mchezo," mmoja akalalamika. "Nani anataka kucheza mchezo wa kubeba maji?"

Tukajaribu hata hivyo. Zamu ya sita, magari yangu matatu ya deraya, yale niliyokesha nikiyaunda, yalikuwa yamekwama katikati ya meza kama mawe. Malori nilikuwa nimeyaacha nyuma bila ulinzi kwa sababu ya mazoea. Huyo huyo mlalamishi ndiye aliyenishinda. Hatujarudia sheria ya zamani tangu siku hiyo.

Wiki iliyofuata nilienda kwenye makaburi ya vita, Barabara ya Ngong. Pale kuna ukumbusho wa waliokufa kwenye safari ile ya kutoka Kenya kwenda Ethiopia na ambao makaburi yao hayajulikani. Baba yake nyanya hayumo, kwa kuwa alirudi. Tena aliyerudi hawekewi jiwe. Baada ya 1945 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwapa askari wa kizungu mashamba katika nyanda za juu. Yeye alirudi Ukambani na ujuzi wa kuendesha lori, akaendesha malori ya wengine mpaka macho yakakataa.

Kwa hivyo nilimpaka dereva upya. Ilinichukua siku tatu kupata rangi inayofaa, kwa sababu kahawia ya kwenye kichupa ilimfanya aonekane kama kiatu. Mwishowe nilichanganya kahawia, nyekundu kidogo na tone la manjano, nikapaka tabaka tatu nyembamba. Kofia nilimchongea mwenyewe, maana kwenye sanduku hapakuwa na ya kumfaa.

Krismasi nilimpelekea nyanya lile lori. Akaliweka kiganjani, akamtazama dereva, akanyamaza. Akaligeuza, akachungulia chini ya turubali, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole.

"Madebe ni machache," akasema. "Hawezi kufika na haya."

Nilikuwa nimeweka kumi na mawili. Sasa nakata mengine.